Mgono wa Fundi Vitasa

Mtu akijifungia nje, ufunguo ndani na yeye mlangoni na taulo kiunoni, wa kumwita alikuwa mmoja tu, Fundi Vitasa. Kibanda chake kilibanwa katikati ya kinyozi na mtu wa kutoa kopi, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Funguo zilijaa ukutani juu ya misumari, jiliwa la kubania vyuma limekazwa kwenye kona ya meza, tupa zimelala kwa ukubwa wake, na mashine ya kukatia funguo inalia kama mtoto anayenyolewa kwa nguvu. Akifika mlangoni kwa mtu haongei. Anaweka sikio kama daktari, anaingiza waya, anatikisa mara mbili, mlango huo! Wenye nyumba wanapiga makofi.

Milango ya watu haikumshinda. Mlango wake mwenyewe ndio ulimshinda. Alijifungia humo miaka ishirini na sita, na ufunguo alikuwa nao mdomoni siku zote hizo, wala haukuwa umepotea. Mdomo tu ndio haukufunguka.

Habari yenyewe ni ya samaki.

Baba mkwe wake alikuwa refa wa mpira. Watu husema alistaafu, lakini yule hakustaafu, viwanja tu ndivyo viliacha kumwita. Filimbi ilibaki shingoni, akila iko, akilala iko. Watu wazima na watoto walimwita Refa, na hata binti yake wa kuzaa alisema "Baba Refa." Na kwa kuwa hakuwa na mpira tena wa kuchezesha, alichezesha uvuvi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ukoo mzima ulikwenda bwawani. Ni lile bwawa la maji ya mji, lenye ukuta wa zege upande mmoja na matete upande mwingine. Saa kumi na mbili asubuhi Refa anapuliza, mishipi yote inaingia majini. Saa sita mchana anapuliza tena, mishipi yote inatoka. Katikati hapo haondoki mtu. Mvua inyeshe, siafu wapande, hakuna kuondoka, na mwenye haja ananyoosha mkono kama mwanafunzi. Samaki wanalazwa juu ya ubao wenye alama, wanapimwa mmoja mmoja, na Refa anatangaza kwa sauti ya uwanjani.

Sheria ilikuwa moja. Mtu mmoja, mshipi mmoja, ndoana moja. Wavu ni haramu, mtego ni haramu. Atakayevunja anaonyeshwa kadi nyekundu, na msicheke, kadi yenyewe ilikuwepo, ilikaa mfuko wa shati wa kushoto, imepauka imekuwa rangi ya tofali. Iliwahi kutoka mara moja. Mdogo wake Refa, tumbo moja, alitandika wavu mwaka ule samaki walipoadimika. Refa akampulizia, akamnyooshea kadi. Miaka kumi na minane yule ndugu hakukanyaga bwawani wala kwenye meza ya kaka yake. Alipofariki Refa alikwenda mazikoni, lakini alisimama nje ya ua, kofia mkononi, jua la mchana linampiga kichwani, mpaka watu wakatawanyika. Walipomwambia ingia mzee, alisema, "Kadi haijafutwa."

Sasa mtu huyo ndiye Fundi Vitasa aliyemwendea kumwomba binti.

Alikuwa kijana wa vyumba vya kupanga, samaki alimjua akiwa kwenye sahani tu. Refa akamwambia, "Kwetu hatuulizi mtu ana nini. Tunamkalisha majini tukamtazama. Njoo Jumamosi." Akapewa ufito, akapelekwa kwenye kona ya mbali ndani ya matete, akaachwa. Saa ya kwanza chambo kikaliwa. Saa ya pili ndoana ikashika suruali yake mwenyewe. Saa ya tano machozi yalikuwa karibu. Ndipo akapita mtu, mvuvi wa kujitafutia, amebeba mgono begani, lile tenga la kutegea samaki, na ndani kambale mmoja urefu wa mkono. Kijana akamsihi, yule akampa akicheka. Akamtoboa samaki mdomo kwa ndoana, akamshusha majini, akaanza kupiga kelele.

Refa alikuja mbio. Alimpima kambale mara tatu. Halafu akapuliza filimbi hadi kunguru wakaruka. "Mwaka wa ngapi nakaa hapa sijaona hivi! Kona hii kuanzia leo ni Kona ya Fundi. Na binti yangu chukua!"

Furaha iliyoje. Akaoa. Mwezi ukaisha, Jumamosi ya kwanza ikafika, na wote wakageuza macho kwenye Kona ya Fundi.

Ufundi alikuwa nao. Alikunja waya kwenye jiliwa usiku wa siku tatu mfululizo akatengeneza mgono wake. Mdomo wake ulikuwa mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, na ncha za waya zimeelekea ndani. Samaki akija anasukuma, waya unampisha kwa adabu. Akigeuka kutoka, waya ule ule unamchoma usoni. Kitasa cha namna ile hakuwahi kumtengenezea mteja. Akauzamisha chini ya matete, akaufunga kwenye shina, na ukakaa humo, miaka ikapita, ukioza anatengeneza mwingine. Kila siku moja kabla ya safari alikuwa akiaga, "Kuna mteja amefungiwa nje kule ng'ambo," anapanda baiskeli, anakwenda kutia pumba. Jumamosi, wenzake wakigeuza kisogo, anachomoa samaki mmoja, wakizidi wawili, anamtoboa mdomo kwa ndoana, kelele.

Mkewe alijua mwezi wa pili tu wa ndoa. Mwanamke anayetumbua samaki hadanganyiki. Alipasua tumbo akakuta pumba.

"Uliweka chambo gani?" akauliza.

"Minyoo."

"Mh."

Mh hiyo ilikaa ndani ya nyumba yao kama kabati. Walipita kando yake kila siku, na hakuna aliyeisogeza.

Msidhani hakujaribu kutoka. Mwaka mmoja alijitia homa. Refa akaja na kiti chake akakaa kando ya kitanda siku nzima akimsimulia samaki, hadi homa ya uongo ikawa ya kweli. Mwaka mwingine akaacha kutega, akawa anarudi mikono mitupu. Mwezi wa nne Refa akawaandikia barua watu wa maji kwamba bwawa linakufa, na ushahidi ni mkwe wake. Watu wa maji wakaja na chupa kupima. Fundi alivyoona watu wenye makoti meupe wanachota maji kwa sababu ya uongo wake, akarudisha mgono upesi.

Na samaki hakuwa akimpenda hata kumla. Alikuwa akimpa paka chini ya meza.

Aliyemtia jasho zaidi alikuwa shemeji yake mkubwa, kifungua mimba wa Refa, muuza magodoro. Watu walimwita Magodoro. Jitu la sauti na kifua, ila moyo wake ulikuwa mweupe, na uvuvi aliupenda kweli. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo kuchimba minyoo yake mwenyewe. Miaka yote hiyo alitoa vijiperege vya kiganja, na kila mwezi alitazama ubao ukimpa ushindi mtu aliyekuwa akisinzia kwenye matete.

"Shemeji," alimwambia siku moja, amemshika kambale wa Fundi kwa mashavu, "hawa samaki wako mbona wanakuja wamechoka? Wangu hata awe kidole atapigana nawe. Huyu kama ametoka zamu."

"Namchosha kwanza ndani ya maji."

"Na pua? Tazama pua ilivyochubuka. Alikuwa anabisha hodi?"

Watu wakacheka. Fundi akacheka pia, jasho linashuka mgongoni.

"Muache mwenzako," Refa akasema. "Wewe uza magodoro."

Basi mwaka huu macho ya Refa yakaanza kuzima. Akaona vitu kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Na magoti nayo yakagoma. Daktari akamwambia unyevunyevu basi. Akaita watoto wake akatangaza kwamba Jumamosi inayokuja ndiyo ya mwisho kwake, na siku hiyo ataivua filimbi amvishe mwingine. Hakusema nani. Magodoro alinyoosha shati. Mtoto wa kwanza, wa kiume, mvuvi wa kweli, nani mwingine?

Ijumaa jioni Fundi yuko kwenye kibanda anafunga. Mgono alikuwa ameutia pumba Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa alikuwa na vitasa vya ofisi nzima ya kubadilisha. Akafika nyumbani akakuta kiti cha bwawani kimesimamishwa ukutani, na Refa sebuleni na begi.

"Nalala hapa, tutoke pamoja. Kesho nakaa na wewe kwenye kona yako. Miaka ishirini na sita nakusikia tu. Kabla macho hayajafa nataka nione mkono wako unavyofanya."

Mke wa Fundi, ambaye alikuwa anapanga vikombe, akapanga kimoja mara mbili.

"Karibu sana, Baba," Fundi akasema, akiwaza kwenda kuutoa mgono kabla hakujacha. "Ila kuna mteja amefungiwa nje kule ng'ambo, naomba nitoke kidogo tu."

"Vizuri sana! Twende wote, nikuone na huko unavyofungua."

Akasimama kweli, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Lakini, Baba, pengine... pengine ameshaingia."

"Mh," akasema mkewe.

Usiku huo Fundi hakulala, na hayo ya usiku hayana haja ya kusimuliwa. Asubuhi filimbi ikalia, na wakakaa, mkwe na mkwe, viti viwili kwenye kona ambayo nafasi yake ilikuwa ya kiti kimoja. Goti la mzee liligusa goti lake. Matete kushoto, matete kulia, nyuma matope, mbele maji. Hatua tatu kutoka pale, chini ya shina alilolijua kama mlango wa nyumba yake, mgono ulikuwa umezama na mlango wake wazi.

Akatia mnyoo. Akatupa. Kiboya kikasimama juu ya maji kama msumari.

Saa moja. Saa mbili. Refa alimshika mkono kwa juu, kama mtu anavyopima mapigo ya moyo, ili asikie utakavyofanya kazi. Fundi akawa hawezi hata kujikuna. Akaanza kutamani kitu ambacho hakuwahi kukitamani maisha yake, kwamba samaki mmoja, hata mjinga, hata kipofu, aje ajiokotee ile ndoana kwa hiari yake. Hakuja.

"Leo wanachelewa," Refa akasema.

"Wanachelewa, Baba."

"Labda mimi nawatia haya."

"Hapana, Baba. Siyo wewe."

Saa tatu na nusu matete yakatikisika. Kitu kizito kiligonga chini ya maji, kikagonga tena, na shina lile likainama likainuka. Mzee macho yalikuwa mabovu lakini masikio yalikuwa ya refa. Alimkamata mkwewe bega.

"Pale! Umesikia? Mkubwa huyo! Tupa pale, tupa!"

"Pale pana vijiti, Baba."

"Tupa nakwambia!"

Akatupa. Akatupa vibaya kwa makusudi, ikaenda kando. Mzee akamnyang'anya ufito, akakisia kwa sikio, akatupa mwenyewe. Ndoana ikazama, ikashika, na ufito ukapinda kama upinde. Ndoana ilikuwa imeshika waya wa mgono.

Refa alipiga ukelele wa furaha ambao hata watoto wake hawakuwahi kuusikia siku ya fainali yoyote. "Shika! Vuta na mimi! Vuta, mwanangu!"

Fundi akashika. Akavuta kidogo, akalegeza. Akatoa kisu akaweka kwenye mshipi.

"Usikate! Wee! Ukikata huyo nakufa hapa hapa!"

Na filimbi akaitia mdomoni akapuliza kuwaita wote. Fundi akasikia miguu inakuja mbio kwenye matope, sauti ya Magodoro mbele. Akaona hapa ndipo mwisho. Kisu akakishusha, na ule ufunguo wa miaka ishirini na sita ukatoka mdomoni.

"Baba, siyo samaki. Ni mgono. Ni wangu."

"Vuta wewe, acha utani."

"Wangu, Baba. Nimeutega mimi. Samaki wote wametoka humo. Hata yule wa kwanza nilipewa na mtu."

Lakini Magodoro alikuwa ameshafika, na kwa mikono yake ile ya kubebea magodoro sita kwa mara moja akaukamata mshipi akavuta. Maji yakafunguka. Mgono ukatoka na majani na matope, na ndani yake kambale mkubwa amejikunja, pua nyekundu, anatazama watu.

Hata Magodoro, aliyesubiri siku hii miaka, alisema polepole tu. "Haa. Kumbe nilisema."

"Nani alisema?" Refa akageuka. "Nani aliyesema kabla hajaangalia?"

"Mimi, Baba. Si nilikuwa nawaambia siku zote..."

"Ulijua kuna mtego hapa."

"Nilihisi!"

"Ukaja mbio wa kwanza. Ukautoa kama mtu anayejua ulipo."

"Baba, ni mimi!" Fundi akasema. "Nisikilize, ni mimi!"

Refa akamwekea mkono kifuani, taratibu, kama anavyomzuia mchezaji mwema asiingie kwenye ugomvi. "Nimekusikia. Umetaka kukata mshipi ili shemeji yako asiumbuke. Umeshindwa, sasa unajibebesha. Ishirini na sita nimekaa na wewe, nakujua. Huyu alitaka kukuchafua mbele yangu siku ya filimbi." Na mkono mwingine ukaenda mfuko wa shati wa kushoto.

"Baba, usitoe," Fundi akasema.

Ilitoka. Kadi rangi ya tofali ikasimama mbele ya uso wa Magodoro, mkono wa mzee haushuki. Lile jitu liliitazama. Halafu likageuka likaondoka kando ya ukuta wa zege, ndoo ya minyoo mkononi, halikutazama nyuma.

"Uamuzi wa refa haubishaniwi," mzee akasema. Akavua filimbi, akapapasa kichwa cha mkwewe, akamvisha. Kamba ilikuwa bado na joto la shingo yake.

Nyumbani mkewe hakupika. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani.

"Kaka yangu amekula kadi yako," akasema.

"Nilimwambia Baba. Masikio yako yangekuwepo ungesikia. Nilisema mara tatu."

"Ulisema huku mnavuta samaki. Kaseme mkiwa mmekaa."

"Na akinitoa? Wewe utakaa upande gani wa ua?"

"Nilinyamaza siku zile kwa sababu nilitaka ndoa ikae. Imeshakaa. Nenda."

Kwa hiyo Jumatatu Fundi alifunga kibanda mchana, jambo ambalo kinyozi hakuwahi kuliona, akachukua koleo na bunda la waya akaenda kwa mkwewe. Alikaa mbele ya mzee akaanza kukunja. Waya ulilia, koleo likakata, mbavu za tenga zikapanda moja moja, kisha mdomo mpana, kisha ule mwembamba. Mwisho akafunga fundo lake. Ni fundo moja dogo la kuzungusha mara mbili na kurudi chini, lile analofungia mashada ya funguo, na kila nyumba ya mji ule ilikuwa na shada lenye fundo hilo. Hata Refa alikuwa nalo kiunoni. Akamwekea tenga mapajani.

Mzee alipapasa. Vidole vikapita kwenye mbavu, vikaingia mdomoni, ncha za waya zikamchoma akavirudisha. Vikafika kwenye fundo. Vikakaa hapo. Mkono wa pili ukashuka kiunoni ukashika shada la funguo, ukapapasa fundo lile lingine. Saa ya ukutani iligonga ikamaliza.

"Unajua ndugu yangu aliniambia nini nilipomwonyesha kadi?" akasema mwishoni. "Aliniambia, kaka, ni samaki tu."

Vidole vyake vikalipapasa fundo tena.

"Nikikusamehe wewe leo, yule nilimsimamia nje ya ua kwa nini? Na nikikutoa, binti yangu atakaa wapi, na wajukuu zangu nitawaona kwenye mlango gani?" Akalisukuma tenga likaanguka sakafuni. "Macho yangu mabovu. Na vidole navyo vimekufa. Sijagusa kitu."

"Baba, usinifanyie hivyo. Nitoe. Nakuomba unitoe."

"Filimbi unayo. Kaa nayo."

"Na Magodoro?"

Mzee aligeuza uso dirishani. "Mimi si refa tena. Mwenye filimbi ndiye anayejua kadi za nani zimekwisha."

Huo ulikuwa mwanya, na Fundi alipita humo upesi. Alikwenda dukani kwa shemeji yake akamkuta juu ya rundo la magodoro, anamsomea mteja bei. Alingoja mteja aondoke, akasema yote, kuanzia yule mvuvi aliyecheka. Magodoro alisikiliza akibonyeza godoro kwa ngumi, anabonyeza, linajaa, anabonyeza.

"Miaka ishirini na sita nimelala nikijiuliza mkono wangu una ubaya gani," akasema.

"Mkono wako hauna ubaya."

"Najua sasa!" Akalipiga lile godoro konde la mwisho. "Nitarudi bwawani. Nitarudi kwa ajili ya maji, siyo kwa ajili yako. Ila sikiliza, shemeji. Usithubutu kuiweka chini filimbi hiyo. Ukiiweka, Baba ataulizwa kwa nini, na atalazimika kujua alichokwisha kukijua. Utakaa kwenye kona yako. Kwa ndoana. Bila tenga. Kila mwezi, mpaka umshike mmoja wa halali."

"Na nisiposhika?"

"Kwani unakwenda wapi?"

Na ndivyo ilivyo. Jumamosi ya kwanza inafika, Fundi anapuliza saa kumi na mbili, mishipi inaingia. Magodoro anakaa kwenye jiwe lake upande wa ukuta, na sasa ubao ni wake, hata perege wa kiganja anatangazwa wa kwanza. Kona ya Fundi haijatoa kitu. Kambale wa pale hawajawahi kujifunza ndoana, walizoea kuingia mlangoni. Akirudi anapita kwa mzee, kwa maana mzee anamngoja na chai.

"Kona imetoa nini?"

"Hakuna kitu, Baba."

"Mh," anasema Refa, na anamsogezea kikombe.

Mwezi huu mvua iliwakamata saa nne. Haikuwa ya manyunyu, ni ile inayoanguka kama imemwagwa. Matope yakapanda viatuni, kiboya hakionekani tena kwa matone. Watoto wa Magodoro wakajikunyata chini ya turubai, na mmoja akanyoosha mkono kuomba kwenda nyumbani, akaambiwa na baba yake autie mfukoni.

"Shemeji!" Magodoro akapiga kelele kutoka kwenye jiwe, maji yanamchuruzika puani. "Tunaoza hapa! Puliza basi, si wewe ndiye mwenye filimbi?"

Fundi alitazama saa. Tano na robo. Alitazama mshipi wake ulivyoingia kwenye maji na kupotea. Kambale mkubwa aliruka hatua tatu kutoka pale, kwenye shina lile lile, akaanguka na mshindo, akaenda zake. Fundi akaitia filimbi mdomoni, pale ulipokaa ule ufunguo, akaibana kwa meno. Akangoja saa sita.